Dawa ya Sandukuni

Juzi mwenzangu wa bwenini alifungua begi la nguo, na harufu ya naftalini ikajaa chumba kizima. Nilitoka nje. Nilisimama barazani nikijiambia kwamba mtu mzima, tena mwanafunzi wa shahada ya pili ya jenetiki, hakimbii vidonge vya kuzuia mende. Lakini pua yangu ilikwisha kunirudisha Tabora, uani kwetu Ng'ambo, asubuhi ya Idi.

Shangazi Mwajuma, dada yake baba, alikuwa akishona kanzu za watoto huko Kwihara. Kila alipokuja kwetu alibeba kopo la asali na sanduku la bati. Hakujaaliwa mtoto, na mapenzi yake yote aliyamalizia kwa mdogo wangu Idrisa, ambaye wakati huo hata kusema alikuwa hajajua vizuri. Alimvisha kanzu moja kwa moja kutoka sandukuni, ikiwa na mikunjo yake na harufu yake kali, naye Idrisa, kama ilivyokuwa kawaida yake, akautia ukosi mdomoni na kuunyonya.

Siku chache baadaye macho yake yaligeuka manjano, na mkojo wake ukafanana na chai ya rangi iliyokolea. Hospitalini walisema ni malaria, wakamwongezea damu. Idi iliyofuata ikawa vilevile. Tangu hapo mama akaacha kusema ni bahati mbaya. Akawa anainusa kanzu, anaikagua mishono, anaiinua juani. Nami nilitazama kila alichokitazama. Shangazi alipokuja tena na kanzu nyingine, mama alimuuliza harufu ile ni ya nini. Shangazi akacheka.

"Nimeitia dawa, wifi, isiliwe na wadudu."

Katika maneno yote yale mama alisikia neno moja tu.

"Umemtilia mwanangu dawa?"

"Nimetia kwenye nguo. Na huyu si damu yangu?"

"Ndiyo maana njia ya kumfikia unaijua."

Shangazi hakucheka tena. Aliinua sanduku lake, akaacha asali mlangoni, akaenda, wala hakurudi. Mama aliibeba ile asali akaimwaga chooni. Idi ile Idrisa alivaa kanzu ya dukani, hakuugua, na nyumba nzima, baba akiwemo, ikaona shauri limekwisha.

Mwezi uliopita Idrisa, ambaye sasa ni kijana, aliugua malaria, na kabla ya kumpa dawa fulani wakampima damu. Seli zake nyekundu zina upungufu wa kimeng'enya kinachozilinda. Nilipoyasoma majibu hayo nilikaa kitako. Somo hilo nalijua kwa moyo: herufi moja katika jeni ikibadilika, protini inayotokana nayo hudhoofika, na mtu huishi salama mpaka akutane na kitu kama naftalini, ndipo seli zinapopasuka. Jeni yenyewe imo katika kromosomu X. Mtoto wa kiume ana X moja tu, naye huipata kwa mama yake.

Nilimpigia mama simu. Nilianza na vidonge, kwa kuwa ndiyo sehemu iliyokuwa nyepesi kusema.

"Kwa hiyo ilikuwa ile dawa yake," alisema. "Nilijua."

"Vidonge vile vimo katika kila sanduku la Tabora, mama, na watoto wengine hawakudhurika. Udhaifu ule wa damu Idrisa hakuutoa kwa baba, wala kwa shangazi."

Mama hakuhitaji kusomea jenetiki ili ajue aliyebaki ni nani.

Utotoni niliamini kwamba mama aliona kila kitu, na kwa kweli aliona vizuri kuliko hospitali: kanzu, harufu, ugonjwa. Katika washukiwa wake wote alimsahau mmoja tu. Nami, ambaye huenda nimerithi X ileile, nimeanza kujitazama kwenye kioo kwa jicho lile alilokuwa akiitazamia kanzu juani.

"Shangazi yako bado anashona?" aliuliza hatimaye.

Nilimjibu kwamba anashona.

"Ukimwona, mwambie asali yake imetuishia."

Sikumkumbusha ilikoishia.