Homa Iliyopanda kutoka Beni

Nilimwonea wivu mkunga yule msichana tangu wiki ya kwanza. Mimi nilikuwa nimewazalisha akina mama wa Butembo kwa zaidi ya miaka ishirini. Yeye alitoka Beni na diploma mpya, na wagonjwa wakaanza kumuulizia. Hata daktari akiingia maternite, wodi yetu ya wazazi, alimsalimu yeye kwanza. Roho iliniuma, sitasema uongo.

Asubuhi moja tulikuwa na mama kijana, siku ya nne baada ya kujifungua mtoto wa kwanza. Homa kali, anatetemeka, tumbo la chini linamuuma. Nikasema papo hapo kwamba kizazi kimeoza ndani. Nikamtundikia dripu ya antibiotiki, nikaandaa vyombo ili daktari akitoka kwenye upasuaji aje amsafishe.

Msichana yule akamkagua bila haraka. Akasema damu haina harufu mbaya, na kizazi kimejikaza vizuri. Kisha akanigeukia.

"Mama, tumupime malaria kwanza."

"Huku ni Butembo, hapana Beni," nikamjibu.

Kwetu mlimani kuna baridi na mbu ni wachache, si kama Beni kule chini kwenye joto, na fishi, kadi ya mgonjwa, ilionyesha mtaa wa Butembo. Lakini kipimo chenyewe ni tone la damu ya kidole na robo saa ya kungoja. Nilikataa kwa sababu wazo lilikuwa lake.

Saa nane mchana mgonjwa akaanza kuweweseka. Tulimwekea mtoto kifuani, akauliza ni wa nani. Safari hii msichana hakuniomba ruhusa. Alimuuliza mama wa mgonjwa binti yake alikuwa akikaa wapi kabla ya kuzaa. Beni, kwa bwana yake, mama akasema. Alipanda Butembo wiki mbili tu kabla ya uchungu. Wengi kwetu mtoto wa kwanza huja kumzalia kwa mama zao. Mtaa ulioandikwa kwenye fishi ulikuwa wa mama, na mimi niliyeona hayo miaka yote sikuuliza. Msichana akamchoma mgonjwa kidole. Mistari miwili ikatokea kwenye kipimo: malaria.

Daktari aliitwa kutoka kwenye upasuaji, dawa ya malaria ikaingia mshipani. Siku ya pili mgonjwa aliomba uji, kisha akaomba mtoto wake. Daktari akatuuliza mbele ya wote ni nani aliyefikiria malaria. Nilitazama sakafu nikingoja aibu yangu.

"Docta, ni mama alinituma nimupime," msichana akasema, akinionyesha mimi.

Daktari akanisifu. Ujuzi ningeweza kujifunza kwake, lakini moyo ule sikuwa nao, na nikamwonea wivu kuliko siku zote. Kisha mama wa mgonjwa akanishika mikono yote miwili, akanishukuru kwa kumponya binti yake, ambaye kijicho changu kilikaribia kumuua. Nikamwitikia, nikamwacha aendelee kunishukuru.