Unga Mweusi wa Mashine ya Ndau

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo hata nikitaka kuisahau haisahauliki. Ilikuwa Ijumaa, na mashine ya kusaga nafaka ya hapa Ndau ilikuwa imezimwa kwa ajili ya sala. Tuliofanya kazi pale tulikuwa wawili, mimi na Zuhura. Yeye ndiye aliyeaminiwa injini. Mimi nilifagia na kupima mahindi. Nilimpenda sana Zuhura, lakini cheo chake kilinikera. Usinicheke, nawe utakuwa na yako.

Nilikuwa nimenunua Amu, mjini Lamu, kikopo cha unga mweusi laini, madini yale yale ya ndani ya penseli. Muuzaji alisema ukitiwa kwenye mafuta ya injini, vyuma havilani. Aliniambia kijiko kimoja, tena ukorogwe kwanza na mafuta. Mimi nilitaka injini ilainike siku hiyo hiyo, nisifiwe. Nikamimina kikopo kizima, mkavu mkavu, nikafunga, nikaenda zangu.

Kesho yake Zuhura aliiwasha. Ikakoroma kidogo, ikanoki, vyuma vikakwama visizunguke tena.

Fundi Shee, mzee aliyeletwa kutoka Amu, aliifungua akachota tope jeusi kwa kidole.

"Unga huu ni mzuri," akasema, "lakini hauyayuki. Ukizidi, injini ikilala nao hulala tini, ukatuama, ukaziba ndia ya mafuta. Nani aliyetia?"

Bwana Athmani, mwenye mashine, alimtazama Zuhura.

"Wallahi si mimi," Zuhura akasema, kisha akanigeukia. Nikainama, nikajifanya nimeangusha kitu.

Alifukuzwa siku ile ile. Akahamia Kililana kulima, na injini ilipotengenezwa nikapewa mimi. Miaka yote hii nimeitunza peke yangu, kijiko kimoja kimoja, na haijanoki tena. Watu huja, husaga, huondoka. Sikupata mwenzangu mwingine, kwa maana kila niliyecheka naye nilihisi namdanganya. Nimekuwa mpweke, mwanangu, na upweke huo nilijitakia mwenyewe.

Mwaka jana nilivuka kwenda kumtafuta. Nilimkuta kitandani, kumbukumbu zimemtoka, bintiye akimlisha uji. Nikamweleza yote, tangu kikopo hadi kuinama kwangu, huku nalia. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anavyomsikiliza mgeni. Halafu akaniuliza, "Masikini. Na huyo Zuhura, alirudishiwa kazi yake?"

Basi, mwanangu, ukikosea sema siku ile ile, mbele ya wale wale, maadamu uliyemkosea bado anakujua. Usingoje upate ujasiri. Mimi niliungoja mpaka nikakosa wa kumwomba radhi. Mwenyezi Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri, na akujaalie mwenzako wa kazi uzeeke naye. Amin.