Kikombe Kisicho na Harufu

Dada yangu alikuja kwenye jaribio la kunusa akiwa amejimwagia manukato. Wote walioalikwa siku ile walikuwa wameambiwa mapema waoge kwa maji matupu, wasipake mafuta yenye harufu, wasile kitunguu. Yeye nilimpigia simu mwenyewe, kwa sababu mimi ndiye niliyempendekeza. Alitoka Masumbwe kwa basi la asubuhi, akashuka Kahama, akachukua bodaboda mpaka Nyahanga, kwenye nyumba ambako kikundi cha akina mama hutengeneza sabuni. Waliokuwa wameketi barazani walimnusa kabla hajalipita geti.

"Mayu, tumeambiwa tusijipake," mmoja wao akamwambia, akimwita mama kwa Kisukuma. "Wewe umehamisha duka?"

"Nimepaka kidogo tu."

"Kidogo? Hapa hata nzi wameaga."

Wakacheka, naye akacheka nao. Wakampa ndoo ya maji, kipande cha sabuni isiyotiwa harufu na kitenge cha kubadilisha. Nilidhani amesahau maelekezo. Ana shughuli nyingi.

Mwenye jaribio alikuwa mwanamke niliyesoma naye sekondari Shinyanga, ambaye sasa ni mtafiti wa chuo kikuu. Kazi yake ni bakteria wa kijani, wale wanaoishi kwa mwanga wa jua kama majani yanavyoishi. Aina anayoifuga aliichota katika bwawa la ng'ombe kijijini kwao. Maabarani akaipandikizia jeni za mmea, na bakteria wale, badala ya kutumia nguvu yote ya jua kuzaana tu, wakaanza kutoa mafuta kidogo yenye harufu inayofanana na mrehani. Nia yake alinieleza bila kuipamba. Harufu nyingi zinazotiwa kwenye sabuni na losheni hutokana na mafuta ya petroli, au na mimea inayomaliza ardhi na maji, au na miti inayong'olewa pamoja na mizizi yake. Kilima cha kwao aliwahi kukiona kikimalizwa msandali, na mashimo yaliyobaki hayajafukika hadi leo. Jua, alisema, sisi tunalo la kutosha, na hakuna anayeling'oa.

Kulikuwa na kasoro moja. Nyuma ya ule mrehani kulikuwa na harufu ya udongo uliopigwa na mvua ya kwanza. Aina ile ya bwawani hutengeneza harufu hiyo kwa asili yake, na alikuwa akijitahidi kuizima. Wenzake wa maabara hawakukubaliana: baadhi walisema imekwisha, wengine walisema bado ipo. Alitaka pua za watu wanaoijua harufu ile kwa mbali, watu wa nchi kavu. Hakuwaleta bakteria wenyewe. Sheria hairuhusu watoke maabara, wala yeye hakutaka. Alileta mafuta yaliyochujwa, matone machache ndani ya chupa ndogo.

Aliponiuliza kama nawafahamu watu wa namna hiyo, nilimtaja dada yangu kabla hajamaliza.

Tulikulia Shinyanga Vijijini, upande wa Mwakitolyo, miaka ambayo watu walikuwa bado wanalima pamba pale ambapo sasa wanachimba. Uwanjani kwetu hakukukosekana kitu kilichoanikwa, mpunga wa kukoboa au udaga wa muhogo. Mawingu yalipojikusanya, baba hakutazama juu. Alimtazama dada.

"Mbula?" angemuuliza, yaani mvua.

Dada aliinua kidevu, akavuta hewa, akasema bado, au akasema inakuja. Akisema inakuja, sote tulikimbilia majamvi, hata kama jua lilikuwa linawaka. Sikumbuki akikosea. Mimi nilikuwa sisikii chochote mpaka tone la kwanza linipige shingoni.

Tuliweka meza katika chumba cha ndani. Watu waliingia mmoja mmoja na kufunikuliwa vikombe vitatu. Kimoja kilikuwa na maji yenye tone la mafuta yaliyosafishwa, kimoja mafuta yenye udongo, na cha tatu maji matupu. Kazi yangu ilikuwa kuvipanga, kwa hiyo kila mara nilijua kipi ni kipi. Mtafiti aliuliza swali moja tu: unanusa nini? Mama mmoja aliinusa ile ya udongo, akasema amekumbuka jembe. Mwingine alisema sabuni yenye harufu ile angeinunua yeye wa kwanza, jambo ambalo mtafiti hakulitarajia. Wote walivitofautisha vikombe vitatu bila shida, na wakitoka walikwenda barazani kusimuliana, ingawa tuliwaomba wasifanye hivyo.

Dada yangu aliomba awe wa mwisho.

Aliketi, akainua kidevu vilevile kama zamani, akanusa kikombe cha kwanza kwa utulivu. "Maua," akasema. "Na udongo kidogo nyuma yake."

Kilikuwa cha maji matupu.

Mtafiti hakubadilisha uso. Alimwomba apumzike kidogo, akanipa ishara, nami nikapanga vikombe vipya vitatu, vyote vya maji ya kisimani. Dada alivinusa vyote. Cha kwanza akasema mrehani, cha pili udongo, cha tatu akafikiri kidogo kisha akasema hicho hakina kitu. Akatutazama kwa zamu, kama mtu aliyemaliza mtihani vizuri.

Mtafiti alimshukuru na kumshika mkono kwa mikono yake miwili. Nilitoka na dada mpaka nyuma ya nyumba, kwenye kamba alikoanika nguo yake iliyofuliwa.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

Aliendelea kukung'uta nguo. "Siku yenyewe siijui. Niliunguza maharage nimeketi jikoni palepale. Jirani ndiye aliyekuja kuniambia."

"Mbona hukusema?"

"Uliniita kwa ajili ya pua. Ningekataa, ungeuliza kwa nini. Wewe kazi yako si kuuliza?"

Kweli ninafanya kazi ya redio, na kuuliza ndiko kunakonilisha. Lakini nyumbani kwake nilikuwa nimekunywa maziwa yaliyochacha, nikameza nikanyamaza, nikidhani ni bahati mbaya ya siku hiyo.

Dada yangu ananunua dhahabu. Wachimbaji wadogo humletea donge jeupe, dhahabu ikiwa bado imeshikana na zebaki. Yeye huliweka kwenye kikaango juu ya jiko la mkaa mpaka zebaki iishe kwa moshi, kisha hulisafisha kwa asidi. Amefanya hivyo kwa miaka mingi, katika kibanda cha jiko nyuma ya nyumba. Nilimwona akifanya mara nyingi. Niliwahi hata kumrekodi akieleza jinsi anavyoitambua dhahabu safi kwa rangi.

Alikunja nguo, akaifungua, akaikunja tena.

"Yule mtoto," akasema, "dirisha la chumba anacholala linatazama jiko."

Alimaanisha mjukuu wake, binti wa miaka minne, aliyelelewa naye tangu aachishwe kunyonya. Mama wa mtoto anafanya kazi ya hoteli Shinyanga mjini, na kila sikukuu aliomba kumchukua. Dada alikuwa akimjibu kwamba mjini mtoto atalelewa na televisheni. Mtoto huyo ndiye aliyejaza nyumba tangu shemeji yangu afariki. Humfuata bibi yake kila mahali, mpaka kibandani, akichochea mkaa kwa kijiti.

"Mwambie rafiki yako anipe ile chupa ya udongo," dada akasema. "Ile mbaya."

Mtafiti alimpa bila kuuliza, akamhakikishia kwamba ndani yake hakuna kiumbe hai, ni harufu peke yake.

Nilisafiri naye kurudi Masumbwe. Alikuwa ameifunga chupa katika kona ya kitenge, na kila basi liliporuka tuta aliishika. Tulipofika, mtoto alimpokea mkoba, akaniamkia, nami nikaitikia marahaba. Dada hakupumzika. Alichukua vikombe viwili vya kahawa, akatia maji, na kimoja akakitia tone kutoka kwenye chupa. Kisha akasita, akavitazama vyote viwili. Aligundua kwamba akivizungusha hatajua tena kipi ni kipi. Akatafuta kikombe kilichomeguka ukingo, akahamishia humo maji yenye tone, akanionya nisimsaidie mtoto, hata kwa macho.

Mtoto alidhani ni mchezo. Alinusa kikombe kizima, akapandisha mabega. "Maji," akasema.

Akanusa kile kilichomeguka. Akakirudia, akakunja pua, akageuka kutazama mlangoni.

"Bibi, mvua."

Nje jua lilikuwa kali. Dada alimpeleka mtoto uani, akabadilisha nafasi za vikombe, akamwita tena. Mtoto alikwenda moja kwa moja kwenye kile kilichomeguka. Kwa mara ya tatu dada aliyamimina maji yale katika vikombe vingine vinavyofanana, mimi nikikumbuka kwa niaba yake, na mtoto akapatia tena, sasa akiwa amechoshwa na mchezo na akitaka kwenda kucheza.

Nilidhani dada atafurahi. Aliketi kwenye kigoda, akachukua simu, akampigia binti yake. Alimwambia aje amchukue mtoto wiki hiyohiyo. Nilisikia sauti ya upande wa pili ikiuliza kuna nini. Dada alijibu kwamba amezeeka, mtoto ni msumbufu, hamwezi. Hakusema neno juu ya moshi. Alipokata simu alinitazama ili aone kama nitamsahihisha.

"Pua bado anayo," akaniambia. "Aondoke nayo."

Hospitalini, ambako nilimpeleka baadaye, daktari alimwambia kwamba hawezi kusema kwa hakika kama ni zebaki au asidi au vyote viwili, na kwamba pua huenda isirudi. Alimtazama mikono kwa muda mrefu akimtaka anyooshe vidole. Akamwambia aache kuchoma. Dada alikubali kila kitu kwa heshima. Tuliporudi alilihamishia jiko mwisho wa kiwanja, penye upepo, akaanza kujifunga kitambaa puani. Hajaacha. Wachimbaji bado wanakuja, na tumegombana juu ya jambo hili mpaka nimechoka. Husema sasa hakuna wa kudhurika zaidi ya mwenye nyumba. Chumba cha mtoto kiko wazi, kitanda kimetandikwa, na dirisha amelifunga kwa misumari.

Mtafiti alirudi maabara kuendelea kuupunguza udongo. Majibu ya dada yangu hakuyahesabu. Mahojiano niliyoyarekodi siku ile kwa ajili ya kipindi sijayarusha hewani. Kila nikiyafungua nasikia kicheko cha barazani na maneno ya nzi.

Mwezi wa kumi na moja nilikuwa Masumbwe tena. Dada alikuwa ameanika mpunga juu ya turubai, na mawingu yalikuwa yanapanda upande wa mashariki. Alisimama katikati ya uwanja, akainua kidevu, akavuta hewa. Alikaa hivyo kwa muda, kisha akanigeukia.

"Mbula?"

Nilivuta hewa. Nilinusa mkaa, na manukato yake ambayo yalikuwa mengi kuliko kawaida, na nyuma yake kitu ambacho kingeweza kuwa udongo. Sikuwa na uhakika. Nikamwambia inakuja, tukaanza kuanua, tukijaza magunia kwa haraka kama wakati wa baba.

Mvua haikunyesha siku ile. Asubuhi yake aliuanika mpunga upya, akaleta kiti, akakiweka palepale nilipokuwa nimesimama, akaniambia niketi.