Masikio ya Mama Ukutani

Mwezi uliopita nilikwenda kwenye mahafali ya binti wa kaka yangu, pale chuoni kilimani, upande wa Nyamwaga. Kama umewahi kurudi mahali ulipokulia ukakuta wamepapamba, utanielewa. Ukumbi umepakwa rangi ya maziwa inayong'aa. Mbele wametundika picha ya Bikira Maria ya plastiki, imezungushiwa vitaa vinavyowaka na kuzima, vyekundu, vya kijani, vya buluu. Wahitimu walipanga foleni kupiga picha hapo.

"Shangazi, njoo tupige na wewe," binti akaniita.

Nikamwambia miguu inauma. Haikuwa inauma. Nilikuwa na hasira, tena hasira ya zamani, ambayo nilidhani imekwisha.

Zamani hizo chuo kilikuwa cha kufundisha makatekista. Kanisa la parokia lilikuwa mbali, kwa hiyo Jumapili sisi wa kijijini tulisali humo ukumbini pamoja na wanachuo. Ilikuwa miaka ya ujamaa. Tulikuwa tumehamishiwa karibu na barabara, nyumba zimepangwa mistari, na asubuhi wakubwa walikwenda shamba la kijiji kwa filimbi ya balozi wa nyumba kumi. Sukari ilikuwa ya foleni, ikipatikana. Lakini maziwa yalikuwepo. Mama aliyatia kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi, na mpaka leo nikisikia harufu ya moshi ule naona ugali wa mtama, mboga ya mgagani iliyolala na maziwa usiku kucha, na bibi akitufukuza jikoni kwa mwiko.

Kila asubuhi mama alipeleka kibuyu kimoja kwa masista wa chuo, nami nilimfuata nikiwa njiani kwenda shule. Tulipita mlango wa ukumbi, nami nilichungulia picha. Zilitoka Ulaya zote: watakatifu wenye macho ya buluu na Yesu mwenye nywele kama ndevu za mahindi. Bibi aliamini kabisa kwamba ni ndugu za padri, maana padri naye alikuwa mzungu mwenye ndevu za namna hiyo.

Kisha akaja mwalimu wa michoro, kijana kutoka Songea. Hakujua Kikurya hata neno, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri mno mpaka tukamcheka. Alikuwa na moto wa ujamaa. Alisema Maria alikuwa mwanamke wa kijijini, anateka maji, anapika, kwa nini basi ukutani hakuna mwanamke wa kijijini? Padri akamruhusu achore kwenye ukuta wa mbele.

Siku moja alitusimamisha jikoni kwa masista.

"Shikamoo mama. Naomba ukae pale kivulini, nichore uso wako."

Mama aliweka kibuyu chini, akaniangalia kana kwamba mimi ndiye mkubwa. "Uso wangu una nini?"

"Una utulivu," mwalimu akasema.

Mama akacheka akifunika mdomo. Aliomba ruhusa kwa baba, na baba alikubali kwa kuwa bibi alikubali kwanza. Basi kwa siku kadhaa mama alikaa kando ya tangi la maji akipukuchua mahindi, maana alisema hawezi kukaa mikono mitupu kama mgonjwa. Rangi zilikuwa adimu. Mwalimu alichanganya udongo mwekundu, masizi, majivu na chaki, na rangi kidogo ya dukani aliyoitunza kama dawa.

Jumapili alitoa pazia alilofunikia ukuta. Maria alikuwa ameketi, khanga begani, anapukuchua mahindi, na mtoto Yesu mapajani ameng'ang'ania gunzi. Uso ulikuwa wa mama. Hata masikio yalikuwa yake, ndewe zimevutwa zamani kwa mila yetu, zinaning'inia karibu na taya zikiwa na shanga. Bibi akapiga kigelegele. Mimi nilitaka kupanda juu ya benchi niwaambie watu wote, ingawa wote walikuwa wameshaona.

Mama alikuwa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango. Hapo ndipo alipokaa siku zote. Alikuwa mke wa pili, kwa hiyo hakuruhusiwa kubatizwa. Sisi watoto wake tulibatizwa, tukaenda mbele kupokea komunyo, yeye akabaki nyuma. Alizijua nyimbo zote.

Misa ilipokwisha, katekista mkuu alisimama. Alikuwa jirani yetu, mtu mzito, tunachunga ng'ombe malisho mamoja.

"Padri, mimi nimpigie magoti mke mdogo wa jirani yangu? Jana nimemwona anafukuza mbuzi wangu! Halafu hata ubatizo hana. Na Maria gani ana masikio hayo?"

Wengine wakacheka. Wengine wakasema kweli, kweli. Mwalimu akajibu kwamba hakuna aliyeambiwa apige magoti mbele ya ukuta, na kama ni masikio, basi mama zao wote wanayo. Kelele zikazidi. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na katekista, nikamuuliza kwa sauti:

"Masikio ya mama yana kosa gani?"

Bibi alinishika mkono akanitoa nje kabla sijajibiwa. Aliniambia mtoto haulizi wazee mbele za watu. Mama alikuwa ameshatangulia nyumbani. Hakuna aliyemwita, hakuna aliyemuuliza lolote, siku ile wala baadaye.

Padri hakutaka ugomvi. Alileta rangi ya mafuta kutoka Musoma, akamwambia mwalimu abadilishe uso. Mwalimu akakataa. Kazi akapewa mwanachuo, ambaye alinakili uso kutoka picha mojawapo ya Ulaya: mweupe, mdogo, na shela iliyofunika masikio. Ulikaa juu ya shingo nyeusi ya mama kama kitu cha kuazima. Muhula ulipokwisha mwalimu akarudi kwao, hatukumsikia tena.

Mama alikwenda kusali Jumapili iliyofuata, benchi lile lile. Jioni akaniambia huku anasonga ugali, "Mikono wameniachia." Sikujua kama anacheka au analia, na nilichukia kwamba sikujua. Nilitaka agombe. Nilitaka awanyime maziwa. Kesho yake alijaza kibuyu kama kawaida akapanda kilima.

Miaka mingi baadaye baba alifariki, mama akawa huru kubatizwa. Katekista, mzee sasa wa fimbo, alikuja mwenyewe nyumbani kumpa habari ya ubatizo, na akapendekeza aitwe Maria. Mama akamkaribisha kwa kiti na uji.

"Huyo mnaye tayari," akamwambia. "Mimi niiteni Anna."

Mzee aliinamia kikombe chake, akanywa uji. Walibaki majirani wema mpaka mwisho.

Baadaye ukuta ulipasuka, ukapigwa plasta upya, na ile mikono nayo ikaenda. Siku ya mahafali nilimuuliza mkufunzi mmoja kama anajua palikuwa na mchoro. Akasema kwa heshima, "Hapana mama, labda unachanganya na chuo kingine."

Nimezaa, na wanangu wamezaa. Wajukuu wananiuliza, bibi yako wewe alifananaje, mama yako alipokuwa kijana alikuwaje? Kule kwetu wakati ule hakuna aliyekuwa na kamera. Picha ya kwanza ya mama ni ya kitambulisho, ameshazeeka, macho yamefumba nusu. Ujana wake ulichorwa mara moja tu, vizuri, na mtu aliyemtazama kwa makini. Sasa kila nikijaribu kuwaeleza, naishia kuonyesha kidole kwenye taya langu: ndewe zake zilifika hapa, nawaambia, zilikuwa na shanga. Wanaitikia. Hawaoni kitu.