Ukingo wa Nishani

Juzi, katika duka la vitu vya kale, nilimwona mtu akikagua nishani ya vita. Alianza na ukingo, nami nikamkumbuka nyanya.

Ilikuwa Changamwe, wakati wa njaa. Nyanya alikuwa ameamua kuuza nishani ya babu, aliyefia vitani Tanganyika na hatujui alikozikwa. Mnunuzi angekuja alasiri, nikataka kusaidia. Niliisugua kwa majivu ikang'aa, ila mikwaruzo ya ukingoni ikakataa kutoka. Nikaimaliza kwa jiwe la kunolea visu. Nilikuwa sijajua kusoma.

Mnunuzi, mzee aliyenukia karafuu, aliizungusha polepole, akakunja uso.

"Mama, hii ni ya bandia. Ya kweli huwa na jina la askari ukingoni."

"Jina lipo," nyanya akasema. "Mimi sisomi, lakini nalijua kwa kidole."

Akapitisha kidole, akazunguka, akazunguka tena. Kisha akaona mistari ya fedha juu ya jiwe.

"Wewe mtoto!"

"Abee, nyanya."

Hakunipiga. Mnunuzi alikwenda zake, na jioni ile moto haukuwashwa. Nyanya aliketi palepale, kidole kikizunguka ule ukingo laini, kikimtafuta mumewe.