Chai Ilipopanda Bei Garsen

Nilikuwa nakanda unga wa chapati redio ilipotangaza kwamba serikali imeongeza mshahara wa chini. Ilikuwa Siku ya Wafanyakazi, na sisi wafanyakazi tulikuwa kazini tangu alfajiri. Redio yenyewe ilikuwa ya tajiri wetu, mwenye hoteli, na siku hiyo aliifungulia sauti kwa sababu meza zote zilijaa abiria wa Lamu wakisubiri askari wa kuwasindikiza. Miaka hiyo, kwa hofu ya kuvamiwa njiani, basi halikuthubutu kutoka Garsen peke yake.

Nilikuwa nimefika pale mwaka uliotangulia. Mafuriko yalichukua migomba yetu yote kule Wenje, na shamba la mpunga likabaki mchanga mtupu. Mume wangu alibaki kulima upya, mimi nikaja kutafuta cha kulisha nyumba. Jikoni tulikuwa watatu. Mpishi alikuwa mzee wa Kipini, na pilau yake ndiyo iliyowafanya madereva wazipite hoteli nyingine na kusimama kwetu. Aliyeosha vyombo alikuwa mama wa Kiorma ambaye ng'ombe wao karibu wote walikufa baada ya maji yale. Mimi nilikuwa wa chapati, mahamri na chai. Siku ya kupumzika hatukuijua.

Tangazo lilipoisha, abiria wengine walipiga makofi. Mama wa Kiorma akatoa mikono kwenye karai, akaniuliza, "Hii maneno ni ya sisi pia?"

"Ni ya kila mfanyakazi," nikamjibu. "Hata wewe."

Akacheka kwa sauti. Sikuwahi kumsikia akicheka.

Mwisho wa mwezi tukapokea kilekile cha siku zote. Nikajikaza, nikamfuata tajiri kaunta. "Tajiri, na ile nyongeza?"

Hakukasirika hata kidogo. "Mama, hiyo ni ya watu wa viwanda, Nairobi huko. Nyinyi ni watu wangu wa nyumbani. Kwani mnalala njaa? Si mnakula hapahapa?"

Tulikula ukoko wa wali na mchuzi uliobaki chini ya sufuria. Watu wa nyumbani! Nyumba yake ilikuwa nyuma ya hoteli, na sikuwahi kukaribishwa ndani hata kwa maji ya kunywa.

Mzee wa Kipini alinivuta kando. "Nyamaa, mwanangu. Akikufukuza leo, kesho asubuhi wako kumi mlangoni." Nilijua ni kweli, kwa hiyo nikanyamaza.

Lakini wiki hiyohiyo tajiri akabandika karatasi ukutani: bei mpya ya chai, mahamri na chakula chote. Wateja walipouliza sababu, aliwajibu mbele yangu, nimeshika birika, "Mishahara imepanda. Serikali imetuumiza sisi wenye biashara."

Basi watu wakaanza kututazama kama wezi. Dereva mmoja wa lori alinisukumia kikombe chake. "Mmeongezwa," akasema, "na chai bado ni maji!"

Alikuwapo mwalimu aliyekula kwetu kila siku. Walimu walipogoma mwaka uliotangulia wakidai mishahara yao, mimi ndiye niliyembembeleza tajiri asimnyime chakula, na nilisema wazi kwamba walimu wana haki. Siku hiyohiyo ya dereva wa lori nilimkuta akiwaeleza wenzake mezani, taratibu, kama yuko darasani.

"Serikali inakosea. Ukipandisha mshahara wa watu wasio na masomo, bei zinapanda, na wengine wanafutwa kazi. Mwishowe anayeumia ni maskini mwenyewe."

Niliweka birika mezani.

"Mwalimu, nani amekwambia nimeongezwa?"

"Si bei imepanda?"

"Bei imepanda. Mshahara wangu haujapanda hata senti. Wa mzee aliyekupikia haujapanda. Mlipogoma nyinyi, nilisema ni haki yenu. Sasa mimi nimekosa nini?"

Tajiri akatoka kaunta. "Mama, rudi jikoni."

"Nitarudi. Waambie kwanza kama umetuongeza."

Mzee wa Kipini akatokea na upawa mkononi. Nilidhani amekuja kunivuta tena. Akasimama kando yangu. "Hakutuongeza," akasema. "Wallahi, hakutuongeza." Na mama wa Kiorma, mikono bado ina sabuni, akasema nyuma yetu, "Redio naongeza. Yeye hapana ongeza."

Kelele zikalipuka. "Rudisha bei! Mwongo wewe!" Yule dereva wa lori alipiga meza mpaka vikombe vikaruka. Tajiri akabandua karatasi yake, akaikunja, akasema haya, bei ni ya zamani. Watu wakashangilia.

Nikasubiri. Nilisubiri mtu mmoja tu aseme, na hawa je, utawalipa lini? Hakuna aliyesema. Mwalimu aliagiza kikombe kingine, akanitabasamia. "Asante sana, mama. Umetutetea." Nimewatetea! Miaka imepita, na neno hilo bado linanichoma.

Ijumaa tukaambiwa kazi imekwisha, mimi na mama wa Kiorma. Nilikwenda ofisi ya serikali kulalamika. Karani akauliza barua ya kuajiriwa iko wapi. Barua! Nani Garsen aliwahi kupewa barua ya kukanda chapati?

Mzee wa Kipini hakufukuzwa. Alinikuta stejini nikisubiri lori la kwenda Wenje, juu mtoni. Hakunitazama usoni.

"Mwanangu, ameniongeza. Kama vile redio ilivyosema. Kaniambia nisimwambie mtu."

Nilitaka kumtukana. Kisha nikaona upuuzi wa kumkasirikia yeye. "Chukua," nikamwambia. "Ni haki yako."

Kumbe pesa zilikuwapo siku zote. Hoteli haikufungwa, pilau iliendelea kupikwa na mabasi yaliendelea kusimama. Ndiyo maana sina subira na msomi anayeniambia kwamba mshahara wa chini usipandishwe kwa ajili ya kunihurumia mimi. Upandishwe, na serikali imtume mtu aingie mpaka jikoni, aulize wanaoosha vyombo, tajiri akiwa nje.

Lori lilipofika nilipanda juu ya magunia, nikarudi kwa mume wangu.