Mathe alikalia sofa ya showroom mpaka wakamtajia bei

Wakuu, niaje. Nimesoma uzi wa jamaa analalamika kuhusu maduka ya "bei njoo inbox". Hiyo tabia ni ya kitambo. Hii yangu ni ya nineties, na sijaongeza chumvi.

Mathe, mama yangu mzazi, alikuwa anauza samaki wa kukaanga Soweto West, Kibera. Mimi nilikuwa nimehamia Gatina, pale Kawangware, napaka nyumba za watu rangi. Mathe alikuwa anajenga ushago, kijijini kwetu, polepole, na hiyo mwaka nyumba ikaisha. Akaniambia, "Nimekalia stuli maisha yangu yote. Hii nyumba nataka sofa moja nzuri. Ya duka."

Tukavaa nguo za kanisa, tukaenda town.

Showroom ilikuwa na carpet ya kuzamisha miguu. Sofa za leather, kabati za vioo. Bei haikuandikwa popote. Nikageuza mto, nikachungulia nyuma ya kiti. Wapi.

Salesman akaangalia viatu vyetu kwanza. Mathe akauliza ile sofa ya brown ni pesa ngapi.

"Hiyo ni ya order, mama."

"Ya order ni ngapi?"

"Inategemea. Mnatoka wapi?"

Nikasema Kawangware. Akatabasamu, akatuambia tujaribu soko la mitumba la Gikomba.

Mara akaingia mwanamke na funguo za gari mkononi, akaonyesha sofa ile ile. Huyo alinong'onezewa bei hapo hapo.

Wakuu, aibu ilinishika. Nikamvuta mathe mkono tutoke. Yeye akaenda akaketi katikati ya sofa, handbag kwa magoti.

"Kijana, nitatoka hapa nikijua bei."

Salesman akaita soja, mlinzi wa mlangoni. Soja alikuwa mzee wa rika ya mathe. Akamwangalia, akamgeukia salesman. "Mama ameuliza bei tu. Si umwambie." Akarudi zake mlangoni.

Wateja wakaanza kugeuka. Mwishowe manager mwenyewe akatoka ofisini, akataja. Ilikuwa kodi yangu ya Gatina ya miaka kadhaa.

Mathe akafikiria, bila haraka, kama mtu mwenye hizo pesa. "Hiyo ni nyingi. Siitaki." Akasimama, akanyoosha dress, akatoka.

Nje nikamuuliza kwa nini tujiaibishe kwa kitu hatuwezi kununua. Hata hakupunguza mwendo. "Kukataa ni haki yangu. Yule kijana alitaka kukataa kwa niaba yangu."

Sofa ilitengenezwa Kibera, na fundi aliyetutajia bei kabla hatujamaliza kusalimiana. Mathe alizozana naye mpaka wote wakacheka. Aliikalia ushago mpaka alipotuacha.

Nilichojifunza: ukifichwa bei, ujue kuna mtu ameshakupima. Usimsaidie kwa kuondoka. Uliza kwa sauti, usikie jibu, halafu uamue mwenyewe.

Nyinyi mlifanyiwa hii kitu wapi? Mwageni hapa, na bei mtaje.